Gramu nne za risasi: namna ninavyopanga uzito na msawazo wa raketi ya tenisi

Mtu akinipa raketi yake na kuniambia "hii nzito mno," swali langu la kwanza ni hili: nzito ukiwa umeishika tu, au nzito unapoizungusha? Wengi hunitazama kana kwamba nimeuliza maji yana rangi gani. Lakini hayo ni mambo mawili. Chukua jembe, lishike mwisho wa mpini, lipeperushe kushoto na kulia. Sasa ligeuze, shika karibu na chuma, upeperushe ule mpini. Uzito haujapungua hata gramu, ila mkono utakuapia kwamba umeshika majembe mawili tofauti. Raketi nayo iko hivyo hivyo. Raketi ya gramu 320 inaweza kuwa rahisi kuzungusha kuliko ya gramu 290. Yote inategemea gramu hizo zimekaa wapi.

Mimi si fundi wa kiwandani. Nacheza, nawafungia wenzangu nyuzi, na nina daftari lililojikunja kurasa ambamo kila raketi iliyopita mikononi mwangu ina mstari wake. Daftari hilo lilizaliwa kwa aibu. Nilipoanza kubandika utepe wa risasi kwenye raketi ili kuiongezea uzito (madini ya risasi, si ile ya bunduki, nimeshaulizwa mara nyingi), nilielekezwa nibandike gramu 5 kwenye "12" ya kichwa cha raketi, ukikitazama kichwa kama uso wa saa. Nami nikasoma kwa akili ya Kiswahili: kumi na mbili ni saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili mshale wa saa unaelekea chini. Nikabandika chini ya kichwa, pale duara linapokutana na shingo. Wiki mbili nzima niliwatangazia wenzangu kwamba sevu yangu, lile pigo la kuanzisha mchezo, imepata nguvu mpya. Siku nilipogundua kosa na kupiga hesabu, nikaona kwamba gramu 5 mahali pale karibu hazibadilishi kitu. Sevu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kichwa changu mimi.

Tangu siku hiyo sigusi utepe kabla ya kupima, na siamini mkono wangu peke yake. Na ili wewe usirudie kosa langu, humu nitataja saa kama tunavyozitaja sisi. Saa sita ni kileleni kabisa mwa kichwa. Saa tatu na saa tisa ni ubavuni, kushoto na kulia. Saa nne na saa nane ni kwenye mabega ya juu, katikati ya ubavu na kilele. Saa kumi na mbili ni chini, kwenye shingo.

Kupima kwanza

Vifaa ni vichache: mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja (ikisoma nusu gramu, bora zaidi), rula ndefu au utepe wa fundi cherehani, na kitu chenye ukingo mwembamba ulionyooka. Mimi natumia rula ya mbao niliyoisimamisha kwa ubavu katikati ya vitabu viwili vizito.

Uzito hauna maelezo mengi. Weka bakuli juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, lalisha raketi juu ya bakuli, soma. Pima raketi kama unavyoicheza: na nyuzi zake, na gripu ya juu uliyoizungushia, na kile kipira cha kuzuia mtetemo kama unakitumia. Hapa ndipo watu wengi huanza kupotea, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye fremu kwa kawaida ni ya raketi tupu isiyo na nyuzi. Nyuzi peke yake ni gramu 15 hadi 18 hivi, na kwa kuwa zote ziko kichwani, husogeza msawazo karibu sentimita nzima kuelekea juu. Gripu ya juu ni gramu 5 au 6. Kipira ni kama 2. Kwa hiyo raketi ya "300" ukiwa nayo uwanjani ni ya 320 na zaidi.

Msawazo ni ile sehemu ambapo raketi ikiwekwa juu ya ukingo hailali upande wa kichwa wala wa mpini. Iweke kwa utulivu juu ya rula, uso wa nyuzi ukitazama juu, uisogeze milimita kwa milimita hadi ianze kusitasita kama mtu asiyejua aende wapi. Hapo weka alama ya penseli kwenye fremu, kisha pima umbali kutoka kitako cha mpini. Rudia mara tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, umeharakisha.

Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, kwa hiyo nusu yake ni 34.3 hivi. Msawazo ukiwa chini ya hapo, kichwa ni chepesi. Ukiwa juu ya hapo, kichwa ni kizito. Utakutana na watu wanaohesabu kwa "pointi": pointi moja ni sehemu ya nane ya inchi, yaani milimita 3.2. Raketi yenye msawazo wa sentimita 33 ina kichwa chepesi kwa pointi 4. Mimi naandika sentimita, basi.

Namba ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo mkono unayoisikia: uzito wa kuzungusha. Kuna mashine za kuupima, zikichukulia kwamba raketi inazunguka kwenye mhimili ulioko sentimita 10 kutoka kitako, karibu na mahali kiganja kinapokaa. Raketi nyingi za watu wazima zikiwa na nyuzi huangukia kati ya 280 na 340 (hizi si gramu, ni kipimo chake chenyewe). Kama huna mashine, usijali. Huhitaji kuijua namba yenyewe ili uanze kazi. Unahitaji kujua utaiongeza kwa kiasi gani, na hilo linahesabika kwa kalamu.

Hesabu mbili tu

Ya kwanza ni ya msawazo, nayo ni ile ya watoto wawili kwenye ubao wa kubembea. Aliye mbali na katikati ana nguvu kuliko aliye karibu. Tuseme raketi yako ina gramu 318 na msawazo wake uko sentimita 33. Unabandika gramu 4 ubavuni mwa kichwa, saa tatu na saa tisa, ambako ni kama sentimita 53 kutoka kitako. Zidisha 318 kwa 33, unapata 10,494. Zidisha 4 kwa 53, unapata 212. Jumlisha, kisha gawanya kwa uzito mpya, 322. Jibu ni 33.25. Msawazo umepanda milimita 2 na nusu.

Hutaki upande? Basi mweke mtoto wa pili upande wa pili wa ubao. Gramu 4 zako ziko sentimita 20 juu ya msawazo wa zamani: 4 mara 20 ni 80. Ukiweka uzito ndani ya kitako, sentimita 3 kutoka mwisho, hapo ni sentimita 30 chini ya msawazo. 80 gawanya kwa 30 ni gramu 2.7. Ukiweka juu ya mpini, sentimita 17 kutoka mwisho, umbali ni 16 tu, kwa hiyo utahitaji gramu 5. Kitako kinakula gramu chache kwa kazi ileile.

Ya pili ni ya uzito wa kuzungusha. Chukua umbali wa utepe kutoka kitako, toa 10, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha kwa gramu, gawanya kwa 1,000. Zile gramu 4 za ubavuni: 53 toa 10 ni 43, 43 mara 43 ni 1,849, mara 4, gawanya kwa 1,000, ni 7.4. Gramu hizohizo ukizipeleka saa sita, sentimita 68: 58 mara 58 ni 3,364, mwisho wake ni 13.5. Ukiziweka juu ya mpini, sentimita 17, unapata 0.2. Sifuri nukta mbili! Ndiyo maana naweza kukuwekea gramu 10 mpinini na ukazungusha raketi bila kunung'unika, lakini gramu 4 kileleni ukazisikia kabla hujamaliza kupasha misuli.

Na zile gramu 5 zangu za aibu, zilizokuwa sentimita 35 hivi? Uzito wa kuzungusha uliongezeka kwa 3 tu, na msawazo haukusogea hata milimita. Ndiyo "nguvu mpya" niliyokuwa naitangaza.

Unataka kuponya nini?

Usianze na utepe. Anza na lalamiko, kwa maneno ya kawaida. Nimejifunza kutomkatia mtu hata kipande kimoja kabla hajaniambia mpira unafanya nini.

Akisema "nikipiga pembeni kidogo ya katikati, raketi inanigeuka mkononi," dawa ni saa tatu na saa tisa. Risasi ikikaa mbali na mstari wa katikati wa raketi, kichwa kinakuwa kigumu kupinduka, kama mtu anayetembea juu ya kamba akiwa ameshika mti mrefu. Kwa wanaopenda kusogea wavuni na kupiga voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, hapa ndipo faida inapoonekana haraka kuliko kokote, kwa sababu kwenye voli huna muda wa kuchagua utagonga wapi. Ubavuni ndipo ninapoanzia kwa watu wanane kati ya kumi wanaonijia. Kama ningeruhusiwa kubandika mahali pamoja tu maisha yangu yote, ningechagua hapo.

Akisema "mipira yangu haina uzito, inafika kwa mpinzani ikiwa imechoka," naye anapiga kwa mzunguko mrefu na hachelewi, hapo saa sita inafaa. Kilele hupandisha eneo tamu la nyuzi (pale mpira unapotoka vizuri kuliko kwingine) juu kidogo na kuongeza uzito wa kuzungusha kuliko sehemu nyingine yoyote. Lakini ni pahala pa kuogopa. Gramu 2 zinatosha kuanzia. Nilimfungia mwenzangu mmoja raketi, akaenda nyumbani akajibandikia gramu 12 kileleni jioni moja, kwa sababu alisikia wachezaji wakubwa hufanya hivyo. Kwa hesabu yetu, hiyo ni nyongeza ya 40. Aliicheza siku tatu, kiwiko kikamsimamisha mwezi mzima.

Ni kweli wakubwa hufanya hivyo. Pete Sampras, aliyetwaa Wimbledon mara 7 kati ya 1993 na 2000, alicheza na raketi ya kichwa kidogo iliyosheheni risasi. Ila alikuwa na bega la Sampras.

Anayetaka vyote viwili, uthabiti na nguvu kidogo, apewe saa nne na saa nane. Ni suluhu ya katikati, na kwa mchezaji anayeuzungusha sana mpira kwa foihendi (pigo la upande wa mkono ulioshika raketi) ninaipenda kuliko saa sita.

Akisema "raketi inanitetemesha mkono lakini sitaki ipungue kasi," peleka uzito mpinini. Jumla ya gramu inapanda, raketi inatulia inapokutana na mpira, msawazo unashuka kuelekea mkononi, na uzito wa kuzungusha unabaki karibu palepale. Kwa anayerudisha sevu kali na kuhisi raketi inasukumwa nyuma, mpini pekee hautoshi. Mwongezee kidogo ubavuni.

Shingo siishughulikii sana. Unaongeza gramu, hujasogeza kitu. Ina kazi moja tu, nitaitaja mwishoni.

Kuna lalamiko moja lisilo na dawa ya utepe: "ni nzito, ipunguze." Kupunguza ni kugumu. Unaweza kuondoa gripu ya ngozi ukaweka ya sintetiki, ukaokoa gramu kama 10, lakini zote zinatoka mpinini, kwa hiyo kichwa kitahisi kizito zaidi kuliko awali. Unaweza kuweka nyuzi nyembamba, ukatoa kipira. Baada ya hapo umefika ukutani, kwa sababu kukwangua au kutoboa fremu ni kuiua. Ndiyo sababu, mtu akiniuliza anunue ipi kati ya mbili, humwambia achukue nyepesi. Kuongeza tutaongeza wakati wowote.

Kubandika

Utepe wa risasi huja katika mapana mawili yanayoonekana sana: milimita 6 na milimita 12. Ule mwembamba ni karibu gramu 1 kwa kila sentimita 10, ule mpana gramu 1 kwa kila sentimita 5. Nasema karibu kwa sababu unene hutofautiana. Kata kipande, kiweke kwenye mizani, ujue wako. Kipande kimoja cha gramu 1 mizani ya jikoni inaweza kukidanganya, kwa hiyo pima sentimita 50 kwa pamoja kisha ugawanye.

Kabla ya hayo yote, neno kuhusu usalama. Risasi ni sumu. Haipenyi ngozi kirahisi, ila hubaki vidoleni na kuingia mdomoni. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, usikatie mezani panapoliwa, vibaki visiachwe watoto wakavichezea, na utepe ukishabandikwa ufunike. Ambaye hataki kabisa kuishika atumie utepe wa tungsteni: ni ghali zaidi, lakini hauna sumu hiyo, na hesabu zetu hazibadiliki, maana gramu ni gramu.

Kwa gramu 4 za ubavuni ninakata vipande vinne vya sentimita 10 vya utepe mwembamba. Nafuta fremu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, naiacha ikauke kabisa. Kisha nahesabu nyuzi za kulala kutoka juu ili kipande cha kushoto na cha kulia vianzie mahali pamoja. Jicho peke yake hudanganya. Vipande viwili vinakaa kila upande, kimoja mbele na kimoja nyuma ya ule ukanda wa plastiki unaopitisha nyuzi, kwenye uso wa ndani wa fremu. Usifunike matundu ya nyuzi, utamlaani atakayefunga nyuzi safari ijayo, na huenda atakuwa ni wewe. Bandika kutoka katikati ya kipande kwenda nje, ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko ili mikunjo iondoke.

Siku za majaribio ninafunika kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, unaobanduka bila kuacha gundi. Nikisharidhika naondoa na kuweka utepe mwembamba wa plastiki.

Mpini una kazi zaidi. Fungua gripu ya chini taratibu, na kabla hujafungua piga picha uone inazunguka kuelekea wapi na inaanzia ukingo gani wa kitako. Nilishawahi kuirudisha kinyume, ikawa inajikunjua kila nikipiga bekhendi (pigo la upande wa pili wa mwili). Bandika risasi moja kwa moja kwenye mpini, kwa urefu wake, kipande kimoja kwa kila ubapa. Usirundike tabaka juu ya tabaka mahali pamoja: utatengeneza uvimbe ambao kiganja kitaukuta kwenye mechi ya kwanza, na mpini wenye mapembe manane hupoteza mapembe yake haraka kuliko unavyodhani.

Kama kitako kina kifuniko kinachofunguka, maisha ni mepesi. Fungua, weka kipande cha tungsteni laini, ile inayokandika kama unga, kisha shindilia pamba juu yake ili isicheze. Ikicheza utaisikia ikigonga kila ukitembea. Kuna wanaomimina silikoni ndani ya mpini. Inafanya kazi nzuri, na mguso wake ni mtamu, lakini ikishakauka haitoki. Mimi sipendi kitu nisichoweza kukirudisha nyuma, kwa hiyo siimwagi mpaka raketi iwe imecheza na tungsteni miezi kadhaa na namba hazibadiliki tena.

Kwa wanaoshiriki mashindano: kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu vitu vya kugawa uzito kubandikwa kwenye fremu. Kisichoruhusiwa ni kifaa kinachobadilisha mgawo wa uzito wakati pointi inachezwa. Kwa hiyo uzito unaoteleza ndani ya fremu kutoka mpinini hadi kileleni unapopiga, sahau.

Kujaribu bila kujidanganya

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo vumilia.

Badilisha kitu kimoja kwa siku. Ukiweka risasi ubavuni, ukabadilisha nyuzi na kuzungusha gripu mpya, hutajua nani kafanya nini. Cheza saa nzima, si dakika kumi. Kila raketi nzito ni tamu dakika kumi za mwanzo. Muulize mkono wako mwishoni, ukiwa umechoka na unakimbilia mpira wa mbali. Dalili za kuzidisha ni hizi: foihendi yako ya kuvuka uwanja inaanza kwenda mstari ulionyooka, kwa sababu unachelewa kuugonga mpira, kwenye voli raketi inafika baada ya mpira, sevu za mwisho wa seti zinaishia wavuni. Kiwiko au kifundo cha mkono kikianza kuuma, toa kila kitu siku hiyohiyo. Usisubiri kizoee.

Na hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote. Mwombe mwenzako akubandikie, au asikubandikie, bila kukuambia. Funika sehemu zote kwa utepe wa karatasi, iwe kuna risasi chini yake au hamna, ili macho yasiseme. Cheza, kisha taja unadhani iko wapi. Mara yangu ya kwanza nilitaja "ubavuni, gramu 4" kwa kujiamini kabisa. Hakukuwa na kitu. Mara ya pili aliweka gramu 3 kileleni nikazitambua kwenye mpira wa tatu. Kumbe mkono unajua kitu, ila unajua vikubwa na vya mbali. Vidogo vya karibu ni porojo.

Raketi mbili ziwe pacha

Kazi ninayoombwa zaidi ni hii. Mtu ana raketi mbili za aina moja, rangi moja, namba moja, na anasema moja ni "maiti." Mara nyingi hajakosea. Raketi mbili zinaweza kutoka kiwandani zikiwa zimetofautiana gramu kadhaa na milimita kadhaa.

Huwezi kuifanya nzito iwe nyepesi, kwa hiyo unaipandisha nyepesi. Mfano kutoka daftarini: raketi ya kwanza gramu 322, msawazo 33.0. Ya pili gramu 317, msawazo 32.8. Tofauti ya uzito ni 5. Zidisha kila raketi uzito wake kwa msawazo wake: 10,626 na 10,398, tofauti 228. Natafuta gramu 5 ambazo zikizidishwa kwa umbali wake zitanipa 228. Gramu 4 ubavuni, sentimita 53, ni 212. Gramu 1 juu ya mpini, sentimita 17, ni 17. Jumla 229. Nikabandika, nikapima upya: 322, msawazo 33.0.

Lakini uzito sawa na msawazo sawa haumaanishi zinazunguka sawa. Moja inaweza kuwa imekusanya gramu zake katikati, nyingine imezitawanya miisho. Hapo ndipo spoku ya baiskeli inapoingia. Ninaifunga spoku iliyonyooka kwa mipira ya kufungia noti, ikikingama kwenye mpini, sentimita 10 kamili kutoka kitako, sambamba na uso wa nyuzi. Miisho ya spoku inalala juu ya migongo ya viti viwili vya urefu mmoja, raketi inaning'inia kichwa chini. Naivuta kidogo, upana wa kiganja, naiachia ibembee mbele na nyuma, na nahesabu mibembeo 20 kwa saa ya simu. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Narudia mara tatu kwa kila raketi.

Ya kwanza ilitoa sekunde 26.6, ya pili 26.5. Tofauti hiyo ni ya kidole changu, si ya raketi. Ingekuwa 0.3 au zaidi, ningeendelea: inayobembea haraka ndiyo iliyokusanya uzito katikati. Hapo unatoa gramu chache kwenye shingo, karibu na msawazo, kama ulizibandika huko, na kuzigawa kati ya kichwa na kitako kwa hesabu ya ubao wa kubembea. Uzito na msawazo vinabaki, mbembeo unarefuka. Hiyo ndiyo kazi moja ya shingo niliyokuahidi: ni ghala.

Ila usipime mbembeo kabla uzito na msawazo havijalingana. Raketi zangu zile mbili, kabla sijabandika chochote, zilitoa muda ambao ungeapa ni wa pacha, kwa sababu nyepesi inapungukiwa na vyote kwa pamoja. Na pima zote mbili zikiwa na gripu za juu mpya. Mwenzangu mmoja alirudi akilalamika kwamba pacha wake wametengana. Kufungua mpini wa mmoja, nikakuta gripu tatu, moja juu ya nyingine.